Kurudisha gia boksi ya oto kwenye Corolla NZE121, hatua kwa hatua

Gia boksi ya oto ikifa siku ileile iliyofungwa, lawama zote humwendea aliyeiuza. Anaitwa tapeli, mzigo unarudishwa dukani Ilala au Kirinyaga Road, na maneno yanakuwa mengi. Lakini ukiifungua, mara nyingi unakuta gia ya pampu imevunjika ulimi, na ulimi huo hauvunjiki gia boksi ikiwa imelala rafuni. Huvunjwa na bolti za kufungia, mkononi mwa fundi mwenye haraka.

Mwongozo huu unaanzia pale ambapo gia boksi ya zamani imeshashuka, injini imening'inizwa au imeegemezwa vizuri, na nyingine (ya Japani au iliyofanyiwa ukarabati) iko chini inasubiri. Nimechukua Corolla NZE121 yenye injini ya 1NZ-FE na gia boksi ya U340E ya gia nne, kwa kuwa ndiyo imejaa barabarani kwetu. Runx, Spacio na Fielder zenye NZE121 zinafuata njia ileile. Ukiwa na Axio au Fielder ya baadaye yenye CVT (gia boksi ya oto isiyo na gia za hatua), ufungaji unafanana kwa sehemu kubwa ila haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi, ni nyingine kabisa, usichanganye.

Kabla hujanyanyua chochote

Hakikisha umenunua inayotakiwa. Kwenye sahani ya chuma ya gari, mlangoni au kwenye ukuta wa injini, kuna mstari wa TRANS/AXLE unaoonyesha aina ya gia boksi. Usiishie hapo. Laza mbili hizo sambamba, ya zamani na mpya, kisha linganisha kwa macho na vidole: matundu ya bolti, soketi za waya, sensa za mwendo, mkono wa kebo ya gia, sehemu za maunti (vishikio vya injini na gia boksi). Kitu kimoja kikitofautiana, ujue sasa hivi na si ukiwa chini ya gari saa mbili usiku. Kama soketi ya waya ya gia boksi mpya ina umbo tofauti, irudishe dukani. Kukata waya na kuunga ili ziingiliane ni kununua matatizo mengine.

Kama ni ya mtumba, fungua sampu, lile bakuli la haidroliki lililo chini ya gia boksi. Utakuta sumaku ndogo chini yake. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni la kawaida, hayo ni mabaki ya miaka ya kazi. Vipande vya chuma unavyoweza kuvihesabu, au haidroliki nyeusi yenye harufu ya kuungua, ni sababu ya kurudi dukani kabla hujaifunga, maana ukishaifunga hakuna atakayekusikiliza. Sampu ikiwa wazi, badilisha filta na gasketi. Ikishapanda juu, kazi hiyo inakuwa chafu na ya kukera.

Vitu vya kununua kabla ya kuanza: oili sili ya mbele (ya tokonveta, lile duara la chuma lenye haidroliki linalopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi), oili sili mbili za shafti za magurudumu, oili sili ya nyuma ya injini, ringi za kubana ncha za ndani za shafti, nati mpya za shafti za magurudumu, klipu za hozi za kupoozea, na haidroliki ya kutosha. Sili ya nyuma ya injini watu huikwepa kwa kuwa "haivuji bado". Ukiiacha ikaja kuvuja mwezi ujao, utashusha gia boksi yote kwa ajili ya kipande cha mpira.

Safisha njia ya kupoozea

Gia boksi iliyokufa haifi peke yake. Unga wa kupleti (sahani za klachi za ndani) na chembe za chuma husafiri na haidroliki mpaka kwenye kipoozeo kilichomo ndani ya radieta, na hukaa humo. Ukifunga gia boksi mpya bila kusafisha, uchafu huo ndio utakaokuwa wa kwanza kuingia kwenye vaivu bodi yake, sehemu inayogawa haidroliki ili gia zibadilike.

Chomoa hozi zote mbili. Pitisha haidroliki safi kwa kusukuma na upepo wa kompresa ulio mdogo, kinyume na mkondo wake wa kawaida kwanza, kisha kwa mkondo wake, mpaka kinachotoka kiwe safi. Upepo uwe mdogo kweli, maana radieta hizi zina matanki ya plastiki. Ukikuta kinachotoka ni cha rangi ya waridi iliyopauka kama maziwa, maji ya radieta yamechanganyika na haidroliki kwa ndani. Hapo hakuna kusafisha, radieta inabadilishwa, na pengine ndiyo iliyoua gia boksi ya kwanza.

Upande wa injini

Toa sili ya nyuma ya injini na uweke mpya, ukipaka mdomo wake oili kidogo. Kisha kagua flaiwili, ile sahani nyembamba yenye meno ya stata. Ipitishie tochi kuzunguka matundu ya bolti, maana nyufa huanzia hapo na ni nyembamba kama unywele. Angalia na meno. Yakiwa yamelika upande mmoja, stata itakusumbua. Bolti zinazoishika kwenye krenki safisha nyuzi zake, paka gundi ya bolti, kaza kwa msalaba kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza).

Sasa tafuta pini mbili za kulengea, zile doweli fupi zinazochomoza kwenye uso wa injini. Mara nyingi moja hubaki kwenye gia boksi ya zamani, ikauzwa chuma chakavu pamoja nayo. Bila pini hizo gia boksi hukaa upande kwa sehemu ndogo ya milimita ambayo jicho halioni, lakini sili ya mbele na pampu zinaiona kila mzunguko. Zikiwa hazipo, usifunge mpaka zipatikane.

Katikati ya krenki kuna tundu linalopokea ncha ya tokonveta. Lisugue kutu kwa msasa laini, paka grisi kidogo sana. Na kama injini yako ina bati jembamba linalokaa kati yake na gia boksi, lirudishe sasa hivi, kwa sababu halitaingia baadaye.

Kuikalisha tokonveta

Hapa usiwe na haraka. Hatua zote zinazofuata zinaweza kurekebishwa kesho. Hii ikikosewa, gia boksi imekwisha.

Badilisha sili ya mbele, paka mdomo wake haidroliki. Kagua shingo ya tokonveta pale sili inapoteleza: iwe laini, isiwe na mfereji unaoshika kucha. Mimina haidroliki kama lita moja ndani ya tokonveta ili pampu isianze ikiwa kavu.

Simamisha gia boksi mdomo ukiangalia juu ukiweza. Tokonveta inatakiwa ishike vitu vitatu: meno ya shafti inayopeleka nguvu ndani ya gia boksi, meno ya bomba lisilozunguka linalotoka kwenye pampu, na makato mawili ya shingo yake yanayoingiana na ndimi za gia ya pampu. Iteremshe taratibu kwa mikono miwili, huku ukiizungusha kulia na kushoto. Utaisikia ikizama, ikagoma, ikazama tena. Kila kuzama ni kitu kimoja kimeshika. Wengi huacha pale pa pili kwa sababu inazunguka vizuri na inaonekana imekaa. Endelea kuizungusha ukiikandamiza kidogo mpaka iangushe mara ya mwisho, "tok", na sasa ukiizungusha utahisi uzito kidogo, kwa kuwa inazungusha na gia ya pampu.

Usiamini masikio pekee, pima. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya mdomo wa gia boksi, pima kina mpaka kwenye vikao vya bolti vya tokonveta. Kisha nenda kwenye injini, pima flaiwili imechomoza kiasi gani kutoka kwenye uso ambao gia boksi itagusa. Kina cha tokonveta lazima kizidi kipimo cha flaiwili kwa milimita 1 au zaidi. Kikiwa sawa au pungufu, haijakaa. Itoe uanze upya.

Ikishakaa, ifunge na kipande cha waya kinachopita mbele yake kutoka bolti moja ya mdomo hadi nyingine. Wakati wa kunyanyua, gia boksi huinama, na tokonveta isiyofungwa huteleza mbele kimyakimya. Ndivyo kazi nzuri inavyoharibika kati ya sakafu na injini.

Kuipandisha

Gari liwe juu ya stendi nne imara, si juu ya jeki wala matofali. Gia boksi hii si ya kubebwa kifuani. Tumia jeki ya magurudumu yenye kikalio, ifunge kwa mkanda, na muwe wawili: mmoja kwenye jeki, mwingine anayeangalia pembe. Injini iegemezwe ili uweze kuishusha kidogo upande wa gia boksi, yaani upande wa kushoto wa gari, ambako betri na trei yake vimeshatoka.

Kabla ya kuinua, pitisha macho kwenye waya zote, hozi na kebo, uzifunge pembeni. Hakuna anayesikia waya ukibanwa kati ya injini na gia boksi. Utausikia siku gari litakapokataa gia ya tatu.

Inua mpaka nyuso mbili ziwe sambamba, juu na chini, kushoto na kulia. Ukitazama upenyo kati yake uwe sawa pande zote. Toa waya wa kufungia tokonveta, sukuma. Pini za kulengea zikikutana na matundu yake, gia boksi huingia kwa kusukuma kwa mikono na kutikisa kidogo mpaka inagusa injini. Ikibaki upenyo wa sentimita moja na haitaki kuingia, kuna kitu: pembe si sahihi, waya umebanwa, au tokonveta imetoka mahali pake. Rudi nyuma uangalie.

Usivute kwa bolti. Usizungushe hata nusu duara. Bolti zina nguvu ya kuvunja gia ya pampu na kuipasua nyumba ya alumini bila mkono wako kuhisi ugumu wa ajabu, na kwa bunduki ya upepo ndiyo kabisa.

Nyuso zikishagusana, ingiza bolti za juu mbili kwa vidole, halafu za chini. Bolti hizi hazina urefu sawa, kwa hiyo ni vizuri ulipozitoa ulizichomeka kwenye boksi la karatasi ulilolichora umbo la gia boksi. Kabla ya kukaza fanya jaribio moja: pitisha bisibisi kwenye tundu la chini na uisukume tokonveta. Iwe inazunguka huru na inacheza kidogo mbele na nyuma. Kaza bolti kwa msalaba, polepole, kisha ijaribu tena. Ikigoma kuzunguka baada ya kukaza, legeza zote papo hapo. Pengine bado hujavunja kitu.

Vipimo vya kukaza bolti za gia boksi vifuate kitabu cha gari lenyewe, kwa kuwa bolti kubwa na ndogo hazilingani.

Bolti za tokonveta

Ziko sita, na unazifikia moja moja kupitia tundu la chini huku ukizungusha injini kwa bolti ya puli ya krenki, kwa mwelekeo wa saa. Kwenye Toyota nyingi moja kati ya sita ni nyeusi. Hiyo ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa imetengenezwa kuilenga tokonveta katikati. Nyingine tano hufuata. Zote ziingie kwa vidole kwanza, ndipo ukaze kwa toki renchi mzunguko mmoja mmoja.

Usibadilishe bolti hizi kwa zozote zilizookotwa kwenye kopo. Bolti ndefu kupita kiasi hubonyeza uso wa tokonveta kwa ndani, pale kupleti ya kufungia inapokaa, na gari litatetemeka kwenye mwendo wa barabara kuu bila mtu kujua kwa nini.

Vilivyobaki

Krosmemba (fremu ya chini inayobeba injini) na maunti ziingie zote kwa vidole, injini iachwe ikae yenyewe, ndipo zikazwe. Ukikaza maunti moja moja injini ikiwa imevutwa upande, utapata mtetemo, na mteja atailaumu gia boksi.

Stata, mabomba, hozi za kupoozea na klipu mpya, soketi zote za waya: kila moja isikike ikibofya. Kuna waya wa hasi unaofungwa kwenye gia boksi ambao husahaulika kuliko vyote. Ukiusahau, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, na mara nyingi huipata kwenye kebo ya gia. Kebo hiyo huanza kutoa moshi ndani ya plastiki yake mbele ya macho yako.

Kebo ya gia irekebishwe hivi: mkono ulioko kwenye gia boksi usukume mpaka mwisho upande wa P, kisha urudishe nochi mbili, hapo uko N. Ndani ya gari weka lever kwenye N. Funga kebo bila kuilazimisha. Kama lazima uivute ili ifike, kuna upande mmoja hauko N.

Shafti za magurudumu zinastahili utulivu kidogo. Weka oili sili mpya, paka mdomo grisi au haidroliki. Ringi mpya ya kubana kwenye ncha ya shafti iwe na upenyo wake ukiangalia chini. Ingiza shafti ikiwa imenyooka, maana meno yake yakigusa mdomo wa sili tu, umeshakata. Ukifika mwisho piga kwa nyundo ya plastiki mpaka ishike, kisha vuta kwa mkono kwenye nyumba ya jointi (si kwenye shafti yenyewe): isitoke. Rudisha boljointi na tairodi, na pini yake mpya ya kugawanya. Nati ya shafti kwenye habu, ya spana namba 30, kaza Nm (nyutoni mita) 216 mtu akiwa amekanyaga breki, halafu uipige patasi kwenye mfereji ili isilegee. Nati za magurudumu Nm 103.

Haidroliki, na kuwasha kwa mara ya kwanza

Gia boksi hii inataka ATF (haidroliki ya gia boksi za oto) ya Type T-IV. Mara nyingi imeandikwa kwenye kijiti cha kupimia chenyewe. Si kila haidroliki nyekundu ni sawa, hata muuzaji akikuapia. Ile ya kopo la stiaringi usiilete hapa kabisa.

Mimina kwanza lita tatu hivi kupitia tundu la kijiti, kwa mrija safi. Gari bado liko juu ya stendi. Washa, liache liungurume taratibu bila kukanyaga mafuta, na ongeza kidogo kidogo kwa kuwa tokonveta inaendelea kujaa. Kanyaga breki, pitisha lever kutoka P hadi L, ukae sekunde chache kila mahali, rudi P. Pima injini ikiwa inaunguruma, ongeza kwa vikombe si kwa lita. Kuzidisha ni kubaya sawa na kupunguza: haidroliki iliyozidi huchapwa na gia ikawa povu, na povu halina presha.

Sikiliza. Mlio mwembamba wa kulia unaopanda na mzunguko wa injini, hata baada ya haidroliki kufika kipimo, ni wa pampu. Zima. Usiendelee kwa matumaini kwamba "itazoea". Injini ikishindwa kabisa kuzunguka wakati wa kuwasha, ni tokonveta iliyobanwa, na unajua inamaanisha nini.

Shusha gari. Hakikisha linawaka kwenye P na N tu. Likiwaka kwenye R au D, rudi kwenye kebo na swichi yake kabla gari halijamrukia mtu. Halafu ukiwa umekanyaga breki, toa N uweke D na uhesabu mpaka uhisi gia imeshika: isizidi sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R isizidi 1.5. Ikichelewa sana, anza na kipimo cha haidroliki na si mashine ya dayagnosisi.

Kipimo halali ni cha moto, haidroliki ikiwa nyuzi 70 hadi 80, baada ya kuendesha kama robo saa. Simama mahali tambarare, injini ikiunguruma, pitisha gia zote, rudi P, futa kijiti, pima. Kiwe ndani ya alama za HOT.

Safari ya kwanza iwe ya barabara yenye nafasi, si foleni ya Ubungo. Endesha kwa upole, uiache ipande gia yenyewe hadi ya nne, isimame, ianze tena. Kompyuta ya gari ilikuwa imezoea tabia za gia boksi ya zamani, kwa hiyo mabadiliko makali kidogo siku za mwanzo yanaweza kutulia. Kuteleza, yaani injini kupaa bila gari kuongeza mwendo, hakutulii. Taa ya injini ikiwaka, soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari kabla ya kuzifuta, na anzia kwenye soketi uliyoifunga mwisho.

Ukirudi, lala chini na tochi: mdomo wa gia boksi, shafti mbili, klipu za hozi, sampu. Futa kila penye unyevu, uangalie tena kesho asubuhi. Baada ya kilomita 500 hivi pima tena haidroliki. Ikiwa imeshaanza kubadilika rangi, mwaga ya kwenye sampu, weka mpya ya T-IV, na osha sumaku ukiwa hapo.